Mtoto Hatulii

Mtu mzima ukimwambia atulie apigwe picha, atatulia. Atavuta shati, atafuta uso kwa leso, atatazama mbele kama mtu anayesomewa hukumu, na jambo litakwisha. Mzee hutulia, mara nyingine kupita kiasi. Mgonjwa naye hutulia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hatulii. Kwake yeye kutulia ni kulala, na akiisha kulala, unachokipiga picha ni usingizi wake. Nimepiga picha za watoto nyumbani kwa zaidi ya miaka arobaini, wangu na wa majirani, na sijapata kuona kamera, ya bei ndogo au ya bei kubwa, iliyoliondoa tatizo hili. Ndiyo maana nilipoanza kusoma vitabu vya historia ya upigaji picha, sikujali sana nani alivumbua nini. Katika kila ukurasa nilitafuta jambo moja: mtoto walimfanyaje?

Jibu la kwanza ni kwamba hawakumweza. Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, bamba la shaba lililopakwa fedha lilitakiwa kukaa mbele ya mwanga kwa dakika nyingi kabla halijashika sura ya kitu. Majengo yalipigwa vizuri, kwa kuwa majengo hayana haraka. Barabara zenye watu tele zilitokea tupu, kwa sababu kila aliyekuwa akitembea alifutika. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi Vienna, alibuni lenzi iliyopitisha mwanga mwingi zaidi, na wengine wakaongeza dawa zilizolifanya bamba kuwa jepesi kuushika mwanga. Baada ya miaka michache muda ukashuka hadi chini ya dakika moja, na ulimwengu ukashangilia. Lakini wewe msomaji, kama una mtoto mdogo karibu, mkalishe kwenye kiti sasa hivi, umtazame, uhesabu taratibu hadi ishirini. Utakapofika saba atakuwa ameshuka.

Kwa watu wazima wenye studio walikuwa na nguzo ya chuma yenye makucha mawili ya kushika kisogo, ambayo katika picha haionekani kwa kuwa imefichwa nyuma ya mtu. Ukiitazama kwa makini picha ya zama hizo, mara nyingine utauona mguu wa nguzo hiyo ukichungulia nyuma ya viatu vya bwana mmoja mwenye ndevu. Mtoto mchanga hawezi kufungwa makucha. Baadhi yao walifungwa kitambaa kiunoni wakaunganishwa na kiti. Wengine walishikwa na mama zao, na hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo mara ya kwanza nilipoliona kitabuni nililitazama kwa muda mrefu nisiamini.

Mama anafunikwa. Anakaa kwenye kiti, anafunikwa kwa shuka au zulia au pazia zito kuanzia utosini hadi miguuni, kisha mtoto anawekwa mapajani pake, juu ya kitambaa. Anayeitazama picha anatakiwa adhani kwamba mtoto ameegemea kiti kilichotandikwa. Picha za namna hii zilipigwa kwa wingi Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1840 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa zile za bei nafuu za bamba la bati, zilizoenea baada ya mwaka 1856. Aghalabu fundi aliiweka picha katika fremu ya karatasi yenye tundu la duara, na ile fremu ikaficha sehemu kubwa ya yule mama. Siku hizi watu wameziondoa fremu zile, na mama wote wametokea. Kuna mmoja ambaye kitambaa kimemkaa usoni hata pua yake inaonekana. Mwingine hakufunikwa, sura yake imekwanguliwa baadaye kwa kitu chenye ncha. Na wengine wamejificha nyuma ya kiti, pamebaki mkono tu, umetokea pembeni kama mkono wa mtu anayepokea chenji dirishani.

Ipo imani iliyoenea kwamba watoto katika picha hizo ni maiti, na kwamba mama amefunikwa kwa sababu ya msiba. Imani hii naona ni kosa, na kosa lenyewe lina funzo ndani yake. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 wazazi wengi waliwapiga picha watoto wao waliofariki. Vifo vya watoto vilikuwa vingi, picha ilikuwa ghali, na familia nyingi zilimwita mpiga picha pale tu ilipojulikana kuwa hapatakuwa na nafasi nyingine. Picha hizo zipo katika makumbusho, na ni safi kupita kiasi: kila kope inaonekana, kila uzi wa lesi. Lakini maiti haihitaji kushikwa. Aliyehitaji kushikwa ni mtoto mzima wa afya, anayepiga mateke, anayetaka kushuka. Mama alifunikwa shuka kwa sababu mtoto alikuwa hai. Ukitaka kujua kama mtoto wa kwenye picha ya zamani alikuwa hai siku ile, usitazame macho. Tazama mikono na miguu. Ikiwa vidole vimekuwa ukungu, alikuwa hai.

Kisha kuna wanawake wawili wa Uingereza ambao hawakumpeleka mtoto studio, wakaileta kamera nyumbani. Hawa napenda kuwazungumzia kwa kirefu kidogo.

Wa kwanza ni Clementina Hawarden, mke wa lodi, aliyezaliwa mwaka 1822. Alizaa watoto 10, na 8 kati yao wakakua. Alianza kupiga picha mwaka 1857 katika shamba la familia huko Dundrum, Ireland, na mwaka 1859 familia ilipohamia London aliviondoa vyombo katika vyumba vya ghorofa ya kwanza ya nyumba yao, mtaa wa Princes Gardens, akavifanya mahali pa kazi. Hakuwa na taa yoyote. Alikuwa na madirisha marefu, mapazia, kioo kikubwa cha kujitazamia, na mabinti zake. Huo ndio utajiri wake wote wa ufundi, na nasema hivyo nikijua kuwa alikuwa mtu wa cheo mwenye watumishi; fedha zilimnunulia lenzi na dawa, hazikumnunulia mwanga. Alimsimamisha binti kando ya dirisha, akakiweka kioo upande wa pili, mwanga ukarudi na kujaza shavu lililokuwa gizani. Fundi yeyote wa leo anayeshika ubao mweupe pembeni mwa bibi harusi anafanya kazi ya kioo kile. Hawarden alipata nishani za Chama cha Picha cha London mwaka 1863 na 1864, na Januari 1865 akafariki kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1939 mjukuu wake alizitoa picha 775 kwa Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert. Nyingi ya picha hizo hazina pembe, kwa sababu zilichanwa kutoka kwenye albamu za familia zilimokuwa zimegundishwa.

Wa pili ni Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta, aliyepewa kamera na binti yake na mkwe wake Desemba 1863, alipokuwa na umri wa miaka 48. Aliishi Freshwater, katika kisiwa cha Isle of Wight. Banda la kuku aliligeuza kuwa chumba cha vioo cha kupigia picha, na stoo ya makaa akaifanya chumba cha giza. Nawaomba mlifikirie banda lile kila mtu atakapowaambia kwamba picha nzuri haziwezekani bila studio. Wakati huo watu walitumia bamba la kioo lililopakwa kolodioni, njia aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Bamba hilo lilipaswa kupakwa dawa, kupigwa picha na kusafishwa likiwa bado bichi, yote hayo katika muda wa dakika chache, na dawa ya fedha iliacha vidole vyeusi. Mama wa nyumba aliyejitia katika kazi hiyo alikuwa na moyo.

Cameron mwenyewe amesimulia jinsi alivyoanza. Alikuwa na watoto wawili mbele ya kamera, amewaomba watulie, na mambo yanakwenda vizuri, mara mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na picha ikaharibika. Basi akabakiza mtoto mmoja, akambembeleza kwa kumweleza jinsi dawa zilivyo ghali na kazi ilivyo nzito, na mtoto yule akatulia. Huyo ni Annie Philpot, na picha ile ya Januari 1864 ndiyo ambayo Cameron aliihesabu kuwa ushindi wake wa kwanza. Kwa furaha alizunguka nyumba nzima akitafuta zawadi za kumpa mtoto, kana kwamba picha ameipiga mtoto. Nami naona hakukosea sana.

Lakini Annie alikuwa mkubwa, wa kuelezwa akaelewa. Walipokuwa wadogo zaidi Cameron alikuwa akiwapa kazi: huyu ni malaika, yule ni malaika wa pili, na mabawa halisi ya ndege mkubwa wamefungwa mabegani. Mwaka 1872 aliwapiga hivyo wajukuu wawili wa dada yake, Rachel na Laura Gurney. Mmoja amelaza kidevu juu ya mikono yake, na uso wake si uso wa mbinguni hata kidogo. Ni uso wa mtoto anayengoja watu wazima wamalize mambo yao. Picha hiyo mimi naipenda kuliko za watu mashuhuri wote aliowapiga. Magazeti ya wapiga picha ya wakati ule yalimlaumu Cameron kwamba picha zake zina ukungu, kwamba hajui kazi. Sehemu ya ukungu huo ulitoka kwenye lenzi yake na jinsi alivyopenda kuitumia. Sehemu nyingine ulitoka kwa watu wenyewe, maana aliwakalisha mbele ya lenzi kwa dakika kadhaa mara nyingine, na mtu aliye hai hupumua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1871 daktari mmoja Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza namna ya kutumia gelatini badala ya kolodioni, na kabla miaka kumi haijapita mabamba makavu yalikuwa mepesi kiasi cha kupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1888 George Eastman akauza Kodak ya kwanza kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukizimaliza unaipeleka kamera nzima kiwandani. Na Februari 1900 ikatoka Brownie, sanduku la karatasi ngumu lenye lenzi moja rahisi, kwa dola moja tu. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000. Ilitangazwa kuwa kamera ya watoto, ikanunuliwa na mama zao.

Brownie haikuwa na cha kurekebisha. Mwanga ukiwa mwingi, picha ipo. Ukiwa haba, haipo. Kwa hiyo watu walifundishwa sheria moja ambayo hata sisi huku tuliirithi: jua liwe mgongoni mwa anayepiga. Matokeo yake ni kizazi kizima cha watoto duniani waliokunja nyuso, macho yamekuwa vijistari viwili, mikono imeinuliwa kukinga paji. Na mbele yao, kwenye nyasi au mchanga, kuna kivuli kirefu cha mtu aliyeshika sanduku kifuani. Kivuli kile mara nyingi ni cha mama. Ametoka chini ya shuka, amepewa kamera, na bado hayumo. Baadaye Kodak ilitoa vijitabu vya kufundisha picha za ndani ya nyumba: mtoto akae karibu na dirisha, na upande wa pili uweke kiti kilichotandikwa shuka nyeupe. Yaani kioo cha Hawarden, kwa ajili ya asiyekuwa na kioo.

Huku kwetu pwani kamera ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Msafara wa Mfaransa Charles Guillain ulipiga picha za mabamba ya Daguerre katika pwani hii kati ya mwaka 1846 na 1848. Kabla karne ile haijaisha, Unguja ilikuwa na studio za Wagoa kama A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio palepale mjini. Lakini hizo zilikuwa studio, na studio ilikuwa ni mahali pa kwenda. Mtoto alipelekwa siku ya Idi, nguo mpya, nywele zimepakwa mafuta, unga usoni, akasimamishwa mbele ya pazia lenye mchoro wa bustani ambayo hajaiona. Picha hizo ninazo kadhaa za ndugu zangu wa zamani. Zinaonyesha jinsi familia ilivyotaka kuonekana, wala silidharau jambo hilo. Lakini hazionyeshi mtoto alivyokuwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Kwa hilo ilibidi kamera iingie uani, na uani kuna wanawake, na picha ya mwanamke katika nyumba nyingi za pwani haikuwa kitu cha kuzagaa. Kamera ya mwanamume mgeni haikupita ukumbini.

Afrika Magharibi yupo mtu aliyeutumia ua kwa namna yake. Seydou Keïta wa Bamako alikuwa kijana fundi seremala mwaka 1935 alipopewa kamera ndogo na ami yake aliyerudi kutoka Senegal, akaanza kwa kupiga picha ndugu zake. Mwaka 1948 alifungua studio kwenye kiwanja cha familia, Bamako-Koura, na wateja wengi aliwapiga uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila pozi, kwa sababu filamu ni fedha. Kati ya picha zake kuna moja ya mwanamume mkubwa wa mwili, amevaa vazi jeupe na miwani, ameshika mtoto mchanga mikononi. Hajafunikwa na wala hajajificha. Mtoto ni mdogo sana katika mikono ile, na baba anatazama mbele kama anayesema, basi tazameni. Nilipoiona nilifikiri habari za wale mama wa bamba la bati, na sikujua nicheke au nikasirike.

Kamera yangu mimi ilikuwa Lubitel 2, iliyotengenezwa Leningrad. Kaka yangu aliyesoma Urusi aliniletea mwaka 1978. Ni kamera ya plastiki yenye macho mawili, moja la kutazamia na moja la kupigia, na ilitumia filamu ya 120, filamu ileile iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1901 kwa ajili ya Brownie ya namba 2, na ambayo hadi leo inatengenezwa. Picha 12, basi. Huitazamii machoni, unaishika tumboni au kifuani unainamia juu yake, na unachokiona kimepinduka, kulia kuwa kushoto. Watu walinionea huruma. Lakini kwa kupiga picha watoto sijapata kamera iliyonifaa zaidi, kwa sababu nilikaa chini mkekani, kamera mapajani, na lenzi ikawa usawa wa macho ya mtoto. Mtoto haoni mtu aliyejificha nyuma ya kitu cheusi. Anamwona mama yake ameinamisha kichwa kama anayechambua mchele.

Mwanga nao sikuununua. Nyumba yetu ya Tanga mlango wake wa mbele ulitazama magharibi, hivyo kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi jua lilikuwa nyuma ya nyumba, na barazani palikuwa na mwanga mweupe, mpole, uliotoka mbinguni na kugonga ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Ukuta ule ndio uliokuwa kioo changu. Mtoto nilimweka hatua moja ndani ya kizingiti, uso nje, nyuma yake ukumbi wenye giza, na hakukunja uso. Hata hivyo filamu ya wakati ule haikuwa nyepesi. Kivulini ilinibidi nifungue lenzi hadi mwisho na kupiga kwa moja ya thelathini ya sekunde, mara nyingine moja ya kumi na tano. Kwa mtu mzima huo ni muda mfupi. Mtoto anaweza kufanya mengi ndani yake.

Miaka ya mwanzo ya 1980 filamu ilikuwa shida, kama vitu vingine vyote. Tulipanga foleni ya sabuni, sembuse filamu. Nilipopata moja nilikaa nayo miezi mingi. Mwanangu wa tatu, msichana, alizaliwa katika miaka hiyo. Ana picha tatu. Mbili ni za siku zake za mwanzo, amelala, na ni safi: unaweza kuhesabu kope. Ya tatu nilipiga Februari 1983, pale mlangoni, akiwa ameanza kutembea. Mama yangu ndiye aliyemshika. Mama hakupenda kupigwa picha, na kwa hakika hakuna aliyemlazimisha. Alichukua upande wa khanga yake akajifunika uso, akabaki na mikono nje, mmoja kifuani kwa mtoto na mmoja tumboni. Nilibonyeza. Wakati huohuo jogoo wa jirani akapita barazani, mtoto akageuka kumtazama.

Filamu ile niliipeleka studio mjini, na kama ilivyokuwa desturi ya studio nyingi, fundi alisafisha zilizotoka vizuri na kuacha zilizotikisika, ili mteja asilipie hasara. Nikaletewa picha 11 na bahasha ya negativu. Sikuwa na haraka na ile ya 12. Juni mwaka uleule ugonjwa wa surua ulipita mtaani kwetu, ukamchukua. Alikuwa na miezi kumi na tisa.

Baada ya arobaini niliirudisha negativu ile studio. Fundi aliinua kwenye taa, akanitazama.

“Mama, hii haina sura.”

“Nisafishie hivyohivyo.”

“Nitakusafishia, lakini nakwambia mapema, uso hautaonekana.”

Ni kweli, uso hauonekani. Khanga ya mama imetoka wazi, hata nusu ya maandishi yake yanasomeka. Bangili mkononi mwake ipo. Gauni la mtoto lipo na vifungo vyake, na chini miguu miwili, vidole kumi vyote safi, kwa kuwa alisimama imara. Juu ya shingo pana mvuto wa mwanga kuelekea kushoto, kama mtu aliyefuta ubao kwa kiganja. Hapo ndipo alipo. Katika zile mbili nyingine amelala, na mtoto yeyote aliyelala hufanana na mwingine. Hii ndiyo pekee niliyo nayo ambayo ndani yake yeye anafanya jambo alilolitaka mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, nilipoziona kitabuni zile picha za mama waliofunikwa, nilimwona mama yangu. Kitambaa usoni, mikono miwili, mtoto anayehangaika: ni yeye mtupu. Nimelifikiri sana jambo hilo tangu wakati ule, na bado nakataa kuzifananisha moja kwa moja. Wale walifunikwa na fundi, kwa kuwa hawakutakiwa kwenye picha. Mama alijifunika mwenyewe, na alikuwa na haki hiyo. Uso ulikuwa wake. Lakini sitadai kwamba kwa sisi tuliobaki upungufu unapungua kwa sababu hiyo.

Sasa kila nyumba ina simu, na simu inaona gizani kuliko jicho. Kampuni ya Kodak iliomba hifadhi ya mufilisi Januari 2012, na kiwanja kile cha Bamako hakina tena mwenyewe tangu Keïta alipofariki mwaka 2001. Wakwe zangu huwapiga watoto picha thelathini kabla ya chai, nyingi mlangoni palepale, na zilizotikisika hufutwa papo hapo ili simu isijae. Siwakatazi. Nimeomba tu kwamba mara mojamoja wapeleke chache dukani zikachapishwe kwenye karatasi, maana simu zimekwisha kuibwa mbili katika familia hii na kila moja imeondoka na mwaka mzima wa mtoto.

Mwaka jana mjukuu wangu mmoja alizipiga picha zangu zote za zamani kwa simu yake ili zihifadhiwe. Simu hiyo ina ujuzi wa kutambua nyuso na kuwapanga watu, kila mtu na fungu lake. Ilimpanga kaka yangu, ikanipanga mimi, ikawapanga watoto wangu wawili wakubwa tangu wakiwa wachanga, na ilikosea mara chache kuliko nilivyotegemea. Picha ya mlangoni haikuiweka popote. Kwa simu, ndani yake hamna mtu. Mama alipata fungu lenye picha moja, ile ya pasipoti aliyopiga mwaka 1991 alipokuwa akijiandaa kwenda hija. Ametulia kabisa, anatazama mbele, na wajukuu waliomjua wanasema haifanani naye.